NYOKA HANA MAZOEA

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu wa Masisi na Walikale, leo tuzungumze juu ya nyoka. Si yule anayekuuma ukilima, bali yule unayemleta nyumbani mwenyewe: kijana amemkamata msituni, amemtia ndani ya sanduku, anamlisha panya, na siku ya soko anamvaa shingoni ili watu wacheke na kutoa franka.

Nabii Musa (a.s.), fimbo yake ilipogeuka nyoka, Qur'ani yatueleza kwamba alikimbia. Nabii mzima! Alimshika baada ya kuamrishwa na Mola wake na kuhakikishiwa usalama. Wewe mwenye sanduku, nani amekuamrisha?

Utasema: huyu amenizoea. Ndugu yangu, nyoka hamjui bwana wake kama ng'ombe anavyomjua. Anavumilia kushikwa, basi. Yule bafe mnene wa msituni, mwenye rangi za majani makavu, ni mtulivu sana, na utulivu huo ndio mtego: meno yake hufika sentimita 5 na sumu yake ni nyingi. Siku mkono wako unanuka panya, hatauliza ni wa nani.

Wala elimu haimzuii. Karl Schmidt alikuwa mtaalamu mkubwa wa nyoka mjini Chicago, Marekani. Tarehe 25 Septemba 1957 aliumwa na nyoka mdogo kutoka Afrika aliyekuwa amemshika mkononi. Badala ya kutafuta matibabu, alikwenda nyumbani na kuandika dalili zake. Kesho yake alifariki. Yeye alimshika mwenyewe. Sanduku lako linachunguliwa na watoto wa jirani, na haki ya jirani mnaijua.

Akishauma, wengi wetu hukimbilia jiwe jeusi na kisomo. Watataja hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.), pale mkuu wa kabila alipoumwa na mdudu wa sumu, akasomewa al-Fatiha akapona. Hadithi ni sahihi, hatuipingi. Lakini pale jangwani hapakuwa na hospitali waliyoikataa, na Mtume huyo huyo (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu kujitibu aliagiza watu wajitibu. Msomee mgonjwa akiwa njiani. Jiwe halinyonyi sumu, linakula saa.

Mvue pete na bangili kabla hajavimba. Usimkate, usimchome, usimfunge kamba ya kukaza. Kifunge kiungo kwenye ubao kisitikisike, naye asitembee: abebwe kwa tipoyi au moto.

Dawa ya kupinga sumu ni adimu. Ile ya Fav-Afrique iliachwa kutengenezwa mwaka 2014, na akiba ya mwisho ikapitwa na wakati mwaka 2016. Nyingine zipo, ila ni ghali na hazifiki kila kituo cha afya. Barabara zetu mnazijua, na vita vilifika Masisi-Centre Januari 2025 na Walikale-Centre Machi mwaka huo huo. Hata hivyo, hospitali isiyo na dawa hiyo yaweza kumwongezea mgonjwa damu, kumsaidia kupumua na kutunza kidonda.

Baada ya swala vijana wabaki kidogo, tuhesabu nani ana moto na nani ataweza kubeba tipoyi usiku. Mwenye sanduku naye abaki, tupange namna ya kumwondoa huyo nyoka bila mtu kutia mkono ndani.