Daftari Hili ni la Nani?

Wahenga walisema mipango si matumizi, na hawakuwahi kuona jedwali la kunywa maji lililopakwa rangi saba.

Ryder Carroll, msanifu wa bidhaa za kidijitali wa New York ambaye tangu utotoni alihangaika na umakini unaotawanyika, aliutambulisha mtindo wake wa Bullet Journal mwaka 2013. Ulihitaji daftari moja na kalamu moja. Nukta ni kazi, X ni kazi iliyokwisha, duara ni tukio, kistari ni maelezo. Baadaye, huko Instagram na YouTube, kurasa zikaota maua, jedwali la usingizi, jedwali la hisia. Kila jedwali lina miraba 30 au 31, na kila mraba unasubiri.

Kuchagua mpangilio wa kurasa huonekana jambo dogo la kalamu na rula. Mimi naliona la kimaadili, kwa sababu kila mraba ni ahadi, na ahadi ni deni. Mdai na mdaiwa ni mtu mmoja, lakini si mmoja kabisa. Anayechora ni yule wa Jumapili jioni, ameshiba, ana kalamu tatu na matumaini tele. Anayetakiwa kujaza ni yule wa Jumatano, ameshuka daladala saa mbili usiku, miguu inamuuma, na vyombo vya jana bado vinamsubiri. Wa Jumapili ana haki gani ya kumbebesha mwenzake deni ambalo hakuulizwa?

Upande wa pili nao una hoja. Tukichagua tu kile tutakachokitumia bila shida, huenda tukawa tumejihurumia kupita kiasi. Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda ya uadilifu, kama apigaye kinubi anavyojifunza kwa kukipiga. Basi ni haki ukurasa ututangulie hatua kidogo.

Benjamin Franklin alilijaribu hilo akiwa kijana Philadelphia. Aliorodhesha fadhila 13, akachora daftari dogo lenye safu 7 za siku za juma, akatia nukta nyeusi kila alipokosea. Kila juma aliipa fadhila moja uangalizi wa pekee, hivyo mwaka ulibeba mizunguko 4. Alizikwangua nukta ili azitumie kurasa tena, mpaka karatasi ikatoboka, akahamia kwenye vibao vya pembe za ndovu vinavyofutika kwa sponji. Utaratibu ndio fadhila iliyomtesa zaidi. Uzeeni alikiri kwamba ukamilifu hakuufikia, ila kujaribu kulimfanya mtu bora na mwenye furaha zaidi.

Nadhani kilichomsaidia kudumu ni kwamba ukurasa wake ulikuwa na kazi hata siku mbaya. Akiteleza, kulikuwa na cha kuandika. Jedwali la maji la siku hizi halina neno kwa siku uliyoshindwa, na miraba mitano ikishakuwa mitupu, unalifunga daftari kwa aibu na kununua jingine Januari.

Mfumo wa Carroll wa mwanzo nao una nafasi ya kushindwa. Mwisho wa mwezi, kazi zilizobaki hunakiliwa upya kwa mkono. Isiyostahili jasho hilo hukatwa mstari. Mkono uliochoka ndio unaouliza kama jambo hili bado unalitaka, au ulilitaka tu kwa sababu lilipendeza kwenye orodha. Kukata mstari ni jibu halali.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora chochote, jiulize nini kitaandikwa hapo siku ambayo hukufanya lolote. Ukipata jibu, hata la neno moja, mpangilio huo unakufaa, na unaweza kuuongezea ugumu kidogo mwezi ujao. Usipopata, punguza miraba. Wa Jumatano naye ni mwenye daftari.