Thamani ya Kikaango cha Chuma

Swali dogo la jikoni laweza kuwa mlango wa swali kubwa la maisha. Mtu asimamaye dukani mbele ya vikaango viwili, kimoja chepesi chenye kung'aa na kingine kizito, cheusi, cha chuma cha kusubu, hujiuliza kama hiki cha pili chastahili bei yake. Kwa mtazamo wa haraka swali hilo ni la fedha tu, na jawabu lake liko mfukoni. Lakini ndani yake mna swali jingine ambalo fedha peke yake haiwezi kulijibu: thamani ya kitu hukaa wapi? Je, hukaa katika kitu chenyewe, au katika bei yake, au katika mkono wa mtu atakayekitumia?

Yafaa kukijua kitu kabla ya kukisifu au kukilaumu. Chuma cha kusubu ni chuma kilichoyeyushwa kikawa kama maji, kisha kikamiminwa katika kalibu. Ndani yake mna kaboni kiasi cha sehemu mbili hadi nne katika mia. Kaboni hiyo hukifanya kiyeyuke kwa moto mdogo kuliko chuma safi, yapata digrii 1150 za Selsiasi badala ya 1538. Lakini hiyo hiyo hukinyima unyumbufu, hata kikipigwa kwa nguvu hakipindi bali huvunjika. Wachina waliijua kazi ya kukisubu zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Huko Uingereza, Abraham Darby alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma katika mchanga mwaka 1707, na mwaka 1709 akaanza kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza, mahali paitwapo Coalbrookdale. Kwa njia hiyo chombo cha chuma kilipungua bei, kikaingia katika nyumba za watu wa kawaida.

Wafua chuma wa Afrika ya Mashariki walishika njia nyingine. Wahaya, wakaao magharibi ya Ziwa Viktoria, waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo, kwa mkaa na mivukuto, wakapata bonge lililofuliwa kwa nyundo wala halikumiminwa. Kazi ya namna hiyo ilizaa jembe, shoka na mkuki. Chakula kiliendelea kupikwa katika chungu cha udongo. Hata hivyo, kwa watu wengi wa bara jembe la chuma lilikuwa zaidi ya chombo cha kulimia: lilitolewa mahari, likahesabiwa katika mali. Huko Marekani nako, mama yake George Washington alipoandika wasia wake mwaka 1788 aliwagawia wajukuu vyombo vyake vya chuma vya jikoni. Watu hawa hawakujuana, lakini walikubaliana katika jambo moja: chuma kilichotumika jana hakijamaliza kazi yake, na kwa hiyo chaweza kupita kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila ya aibu kwa atoaye wala kwa apokeaye.

Sifa kubwa inayotajwa na wauzaji ni kwamba kikaango cha chuma hueneza moto sawasawa. Sifa hiyo si ya kweli. Aluminiamu hupitisha joto kama mara nne kuliko chuma cha kusubu, na kikaango cha chuma juu ya jiko dogo huungua katikati hali pembeni yake ni baridi bado. Sifa yake ya haki ni nyingine: uzito. Kikaango chenye upana wa sentimita 26 hukaribia kilo mbili na nusu, na uzito huo huweka joto kama ghala iwekavyo nafaka. Nyama ya baridi ikitiwa ndani ya kikaango chepesi hukipoza papo hapo, ikaanza kutoa maji na kuchemka. Ikitiwa ndani ya kile kizito hukuta akiba ya joto, ikabadilika rangi na kunukia. Mpishi wa chapati aijua siri hii. Chapati ya kwanza humsumbua, lakini kuanzia ya tatu chuma kimekwisha kupata moto wake, na kazi huenda kwa mwendo mmoja mpaka unga uishe.

Kila sifa ina kivuli chake. Ghala hiyo ya joto hujazwa kwa mkaa, na mkaa hununuliwa. Mtu akaangaye yai moja asubuhi, kisha akauzima moto, hulipa mkaa wa kupasha kilo mbili na nusu za chuma kwa ajili ya yai lisilofika gramu mia. Kwa chapati thelathini gharama hiyo hugawanyika hata isionekane. Kwa yai moja ni israfu. Kadhalika, vitu vikali kama ukwaju, ndimu na nyanya, vikikaa humo kwa muda mrefu, huula utando wa mafuta unaokihifadhi chombo, na chakula hupata ladha ya chuma. Chuma kiingiacho katika chakula chaweza kuwafaa wenye upungufu wa damu utokanao na ukosefu wa chuma mwilini, lakini mchuzi wa papa uliotiwa ukwaju hautafuti tabibu, watafuta ladha yake. Jiko la pwani, basi, haliwezi kutegemea kikaango hiki peke yake.

Utando huo wa mafuta ndio kiini cha mashauri yote. Kikaango kipya hupakwa mafuta kidogo sana, kikafutwa, kikatiwa motoni. Mafuta hubadilika kwa joto, chembe zake zikashikana zikawa ngozi ngumu nyeusi, nayo huzuia kutu na kuachilia chakula kisigande. Ngozi hiyo huzidi kwa kila upishi. Muuza vitumbua mwenye kikaango cha vishimo kilichozeeka hakibadilishi kwa kipya kwa furaha, maana kile kikuukuu kimekwisha kujifunza kuachilia kitumbua, na kile kipya kitamgharimu siku nyingi za vitumbua vilivyokatika. Wahenga walisema kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, na hapa msemo huo wasadikika kwa macho.

Kikaango chepesi cha siku hizi nacho kina utando wake, lakini wa asili nyingine. Roy Plunkett aliigundua kemikali yake nchini Marekani mwaka 1938, na kampuni ya Tefal ya Ufaransa ilianza kuuza vikaango vya namna hiyo mwaka 1956. Haifai kuvisingizia sumu kwa uvivu wa hoja. Katika moto wa kadiri utando huo hautoi madhara hayo yanayovumishwa. Hatari huja kinapoachwa kitupu juu ya moto mkali, kikapita mbali digrii 260, utando ukaanza kuharibika na kutoa moshi mbaya. Ni kweli pia kwamba kemikali moja iliyotumika zamani katika kuutengeneza iliwekwa mwaka 2019 katika orodha ya zile zinazokomeshwa kwa Mkataba wa Stockholm. Lakini tofauti iliyo kubwa kwa swali hili si ya sumu. Utando wa kiwandani ukichubuka hakuna mkono nyumbani uwezao kuurudisha. Utando wa kikaango cha chuma ukiharibika hurudishwa na mwenyewe, kwa kijiko cha mafuta na moto wa jioni moja. Mmiliki wa kwanza ni mgeni wa kitu chake. Amekodi ulaini wake kwa muda asioujua. Mmiliki wa pili ni mwenyeji.

Hapo ndipo thamani inapoanza kuonekana mahali pake. Kikaango cha chuma husamehe uzembe lakini hakisamehi ujeuri. Kikiachwa na maji usiku mmoja, hasa pwani ambako hewa ina chumvi, asubuhi huamka na kutu. Kutu husuguliwa, mafuta hupakwa, na chombo hurejea katika hali yake. Lakini kikiangushwa juu ya sakafu ya saruji, au kikimwagiwa maji baridi hali kimewaka moto, chaweza kupata ufa, na ufa huo hauzibiki kwa ufundi wa kawaida. Kwa hiyo maneno ya kwamba chombo hiki hudumu maisha ni nusu ya ukweli. Kudumu si sifa iliyomiminwa katika kalibu pamoja na chuma. Ni mapatano baina ya chuma na mtu, na upande mmoja wa mapatano haujafungwa siku ya kununua. Atoaye fedha dukani hupewa chuma. Kudumu hakuuzwi, hulipwa kidogo kidogo kila baada ya chakula, kwa kukisugua, kukikausha na kukipaka mafuta.

Lakini mashauri ya kununua kitu kimoja chema badala ya vibaya vingi hutolewa aghalabu na mtu mwenye akiba kwa mtu asiye nayo, na hapo hekima yaweza kugeuka kuwa dharau. Na ichukuliwe kwamba kikaango cha chuma ni bei ya vikaango vyepesi vitano, na kila chepesi huishi miaka miwili. Kwa miaka kumi gharama ni sawa, na baada ya hapo mwenye chuma hupika bila ya kulipa. Hesabu hiyo ni sahihi, nayo ndiyo iliyowafanya watu waseme kwamba rahisi ni ghali. Walakini imesahau jambo moja: vile vitano hulipwa kwa miaka kumi, na hiki kimoja hulipwa leo. Kibarua apokeaye ujira wa siku hana leo kubwa kiasi hicho. Akinunua kile chepesi hakukosa akili ya kuhesabu. Alihesabu vizuri zaidi ya mshauri wake, kwa sababu aliweka ndani ya hesabu karo ya mtoto na kodi ya chumba. Umaskini humlazimisha mtu kununua kitu kimoja mara nyingi, na kumlaumu kwa hilo ni kumtoza mara moja zaidi.

Wanawake wa nchi hizi wamekwisha kulijibu tatizo hilo kwa tendo kabla ya wasomi kulijibu kwa maneno. Katika upatu, watu kumi huchanga sawasawa kila wiki au kila mwezi, na mmoja huchukua mchango wote kwa zamu yake. Hapana riba wala dhamana isipokuwa uaminifu. Kwa njia hiyo yule asiyekuwa na leo kubwa huazimwa na wenzake sehemu ya leo zao, naye huwarudishia katika kesho zao. Chombo kilichopatikana hivyo kina thamani ambayo dukani haikuandikwa: ni ushahidi kwamba watu tisa walimwamini mtu wa kumi.

Upande wa pili yuko mwenye fedha, naye ana mtego wake. Kiwanda cha Griswold huko Pennsylvania kilifungwa mwaka 1957, na leo vikaango vyake hutafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale. Si vibaya kuheshimu kazi njema ya mafundi waliopita. Lakini chombo kinunuliwacho ili kitundikwe ukutani, au ili wageni wajue kwamba mwenye nyumba anajua vitu vizuri, kimekwisha kuacha kuwa kikaango. Ni pambo lenye mpini. Mtu wa namna hii hujisifu kwa kudumu kwa kitu asichokitumia, na kitu kisichotumika kudumu kwake si sifa.

Jawabu, basi, haliwezi kuwa moja kwa watu wote, wala halikosi kuwapo. Kwa nyumba yenye walaji wengi, ambamo chapati, samaki na nyama hukaangwa mara kwa mara, na ambamo yupo mtu mwenye nguvu za mkono na subira ya kukausha chombo kabla ya kulala, kikaango cha chuma chastahili bei yake, na kama fedha haitoshi chastahili zamu moja ya upatu. Kwa mzee mwenye viungo vinavyouma, kilo mbili na nusu zilizojaa mafuta ya moto ni hatari, wala hana sababu ya kuona haya kwa kuchagua chepesi. Kwa mtu apikaye yai lake peke yake na kuondoka mbio, kile kizito kitakuwa deni asilolilipa, na kutu itakuwa risiti yake. Na kwa mtu ambaye jikoni kwa bibi yake mna kikaango cheusi kilichosahauliwa chini ya kapu, kilicholiwa na kutu lakini hakina ufa, ushauri ulio bora ni kwamba asiende dukani. Achukue mchanga na kitambaa, akisugue, akipake mafuta, akitie motoni. Baada ya mwezi wa kukitunza atajua kama yeye ni mtu wa kikaango cha namna hiyo au siye, na maarifa hayo hayatakuwa yamemgharimu ila mafuta kidogo.