Ndoo Ijulikane Ilipo

Vijana wangu, mlinijia mkaniomba niwasemee kwa wenye ploti na wenye maduka hapa Ngong. Nitawasemea. Lakini mzee akitumwa huanza na waliomtuma, kwa hiyo nivumilieni, maana yako maneno yenu pia, na mengine nimeyasema mpaka yamenichosha mdomo.

Kuzima moto si mbio. Kila kiangazi, kuanzia Januari hadi mvua za Machi, kisha tena Agosti mpaka Oktoba, nawaona mkipanda milima hii mkihema, mmoja na panga, mwingine na tawi bichi, watatu mikono mitupu. Mnashuka usiku macho mekundu, nyusi zimebabuka, na watu wanawapigia makofi. Makofi ni haki yenu. Ila nikiuliza siku ya pili ndoo ziko wapi, hakuna ajuaye. Nikiuliza nani anashika ufunguo wa tangi la shule Jumapili, kila mmoja anamtazama mwenzake. Kujitolea mnakokujua nyinyi ni kule kwa siku ya moto tu. Mimi nawadai zile siku nyingine, ambazo hakuna moshi, hakuna makofi, na mtu angependa kukaa stejini akingoja abiria.

Najua mtanijibu kwamba zimamoto ni kazi ya kaunti. Ni kweli. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka huduma za kuzima moto na kukabiliana na majanga mikononi mwa serikali za kaunti. Basi daini, na kikao cha bajeti kikiitishwa nitakuja na fimbo yangu tudai pamoja. Lakini tazameni ramani. Kaunti ya Kajiado ni karibu kilomita za mraba 21,900, kutoka huku kwetu mpaka Namanga mpakani na Loitokitok chini ya Kilimanjaro. Sensa ya 2009 ilitukuta watu 687,312. Ile ya 2019 ilitukuta 1,117,840. Hata gari likiwa jipya, tangi limejaa na dereva yuko macho, bado kuna foleni, kuna matuta, kuna vichochoro vya ploti ambavyo mkokoteni wa maji hupita kwa kukwaruza ukuta. Kibanda cha mbao na mabati hakingoji hayo yote. Wa kwanza kufika ni jirani, na atabaki kuwa wa kwanza hata tukinunuliwa magari kumi.

Sisi wa Ngong tuna hasara moja zaidi, nayo ni upepo. Mwaka 1993 mitambo ya kwanza ya umeme wa upepo ilisimamishwa juu ya vilima hivi, na waliochagua mahali hawakukosea. Upepo huohuo unaozungusha mapanga ya mitambo ndio unaookota cheche kwenye kichaka kimoja na kuitua kwenye kingine, ng'ambo ya barabara. Nyasi nazo zina mambo yake. Tulikaa na ukame mpaka mwanzo wa 2023, ng'ombe wakafa tukihesabu mizoga, kisha El Niño ikaja mwishoni mwa mwaka uleule na malisho yakarefuka mpaka magotini. Mfugaji akashukuru. Lakini nyasi hizo zikikauka zikashika moto, mtu anapoteza chakula cha mifugo cha miezi kwa mchana mmoja, na hakuna kaunti itakayomrudishia. Hata leleshwa, mnayoikata mkidhani ni mbichi, ina mafuta ndani yake na huwaka bila kungoja ikauke. Tawi la kupigia moto litafuteni kwingine.

Kwa kuwa tumefika kwenye tawi, nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo mnapoumia. Tawi halinyanyuliwi juu ya kichwa na kushushwa kwa nguvu kama mtu anayepura maharagwe. Ukifanya hivyo unatawanya makaa na kuwasha pengine. Likandamize juu ya ukingo wa moto, ulivute kuelekea kulikoungua, unyanyue kidogo, ukandamize tena. Ni kazi ya mgongo na subira. Moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, kwa sababu joto lake hutangulia na kukausha nyasi za juu kabla ndimi hazijazifikia. Kwa hiyo asisimame mtu juu yake mteremkoni, hata kama huko ndiko nyumba ya mjomba iliko. Ingieni kwa nyuma, mahali palipokwisha kuungua, mfuate mbavu zake mbili mpaka mkikutana kichwani moto uwe umebaki mwembamba. Mmoja wenu asipige kabisa. Kazi yake ni kusimama panapoonekana, kutazama upepo, na kupuliza filimbi ukigeuka. Kule Kona Baridi hugeuka bila kuaga. Najua hakuna anayetaka kuwa huyo wa filimbi, maana hapigwi picha. Mchagueni kwa zamu.

Na mavazi! Nimeona kijana akiuingilia moto amevaa jezi ya Arsenal. Jezi ni poliesta. Ikishika moto huyeyuka na kugandana na ngozi, na daktari huitoa pamoja na nyama. Vaeni pamba, suruali nzito, viatu vya ngozi. Akala za tairi zinafaa kuchungia, zibaki nyumbani siku hiyo. Aliyeungua mwagieni maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila unga, bila yai, bila dawa ya meno, kisha apelekwe hospitali.

Kuna methali inayowaponza: dawa ya moto ni moto. Wengine wenu mmeisikia kwa mababu, wengine mmeona walinzi wa msitu wakichoma ukanda mbele ya moto mkubwa ukakosa pa kwenda. Walinzi wale wana mafunzo, wanapima upepo, na wana watu wa kuulinda ule ukanda. Kijana mwenye kiberiti na methali peke yake anatuachia mioto miwili. Mkitaka kazi hiyo, jifunzeni kwa wenyewe. Sheria ya misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyoshika nafasi yake, zinaipa jamii nafasi ya kushiriki kutunza msitu kupitia vyama vyake, na miongoni mwa wajibu wa vyama hivyo zimetaja waziwazi kusaidia kuzima moto. Jiandikisheni huko. Mtafahamika kwa majina, mtafundishwa pamoja na maafisa wa Huduma ya Misitu, na siku mkipanda mlima kutakuwa na mtu anayejua mlipanda wangapi ili ajue kama mmeshuka nyote.

Mlimani tutoke, tuje mjini. Moto wa ploti hauna uhusiano na tawi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hulala sakafuni, ikaingia chini ya kitanda mtoto alikolala. Ukinusa, usiwashe taa wala usizime. Funga mtungi, fungua mlango, toa watu, ndipo uulize maswali. Mafuta ya chipsi yakiwaka kwenye sufuria, anayemwaga maji anajirushia moto usoni. Zima jiko, funika sufuria, usiiguse tena mpaka ipoe. Nyumba yenye stima ikatiwe umeme kwanza, na hapa ndipo nawaulizeni: ni wangapi kati yenu wanajua swichi kuu ya kila ploti ya mtaa wao iko wapi, na kufuli lake ni la nani? Hiyo ni kazi ya Jumamosi moja, daftari na kalamu.

Kuna mioto ambayo hamtaikaribia. Lori la mafuta likianguka barabara ya Magadi au ya Namanga, kazi yenu ni moja, kuwazuia watu wasisogee. Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, watu walikimbilia petroli iliyomwagika kwa mitungi na sufuria. Waliokufa walipita mia. Sinai, Nairobi, Septemba 2011, ilikuwa hivyohivyo, safari hii kwenye bomba lililovuja. Embakasi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka na mamia wakajeruhiwa. Mtu akiwaita waoga kwa sababu mmefunga barabara mbali na tangi, mwacheni aseme.

Sasa niseme na nyinyi mlio pembeni, mliodhani mawaidha haya ni ya vijana tu.

Sisi wazee tulikua tukitishwa na wazimamoto. Enzi za ukoloni Nairobi ilivuma kwamba watu wa zimamoto hukamata Mwafrika usiku na kumnyonya damu. Mwanahistoria wa Marekani, Luise White, alikusanya visa vya namna hiyo Kenya, Uganda na kwingineko, akavitolea kitabu mwaka 2000. Mtoto alikuwa akiliona gari jekundu anajificha. Woga ule ulikwisha, na mahali pake tukaweka mawe. Gari likichelewa tunalipopoa. Likifika halina maji ya kutosha tunalipopoa. Dereva anapasuliwa kioo na nyumba bado inaungua nyuma yake. Hasira ya aliyeunguliwa naielewa, nimekaa na watu wa namna hiyo matangani. Lakini jiwe halijawahi kuzima kitu, na safari ijayo yule dereva atasubiri polisi wamsindikize kabla ya kuja kwako.

Simu nazo. Kibanda kinaungua, mwenye mali anapiga mayowe, vijana watano wanapokezana beseni, na watu hamsini wameinua simu. Simu hiyo ipigie 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199, kisha itie mfukoni ushike beseni. Huwezi kushika beseni kwa sababu ya umri? Zuia watoto. Ondoa gari lako njiani. Leta maji ya kunywa. Watu wanaozima moto hukaukiwa koo na hakuna anayewakumbuka.

Msidhani haya ni mambo ya watu maskini wasio na serikali. Philadelphia, mwaka 1736, Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kikosi cha kujitolea. Hawakuanza na gari. Walianza na sharti kwamba kila mwanachama awe na ndoo zake za ngozi na mifuko ya kuokolea mali, ziwe tayari wakati wote, na wakutane kila mwezi. Kule Chile mpaka leo zimamoto nchi nzima ni kazi ya kujitolea, na Valparaíso wamekuwa na kikosi tangu 1851. Jirani zetu wa Kilimanjaro nao: mlima ulipowaka Oktoba 2020, waliopanda walikuwa mamia, askari wa hifadhi, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, na wanakijiji. Kinachonivutia kwa wale wa Philadelphia ni ndoo. Walijua ilipo.

Watu wanapenda kusema ajali haina kinga. Semeni hivyo kwenye msiba, kumfariji aliyefiwa. Kwenye kikao cha mtaa msiiseme mbele yangu. Kufyeka nyasi kuzunguka boma kabla ya Januari ni kinga. Kutochoma takataka upepo ukivuma ni kinga. Kumwambia mrina asali na mchoma makaa kwamba tunajua alikopita ni kinga. Kuwaambia wageni wa wikendi wanaopanda vilima kwamba kipande cha sigara kishuke nao ni kinga pia, ingawa mmeniona nikiwaambia na mmeona walivyonitazama.

Nimalizie kwa wenye ploti, kama nilivyotumwa.

Vijana hawa hawalipwi. Hilo wamelikubali, hawajaja kuomba mshahara. Wanaomba vitu vitatu. Cha kwanza, geti la nyuma lisifungwe kwa kulehemu. Wezi mnawazuia, lakini na wapangaji wenu mnawafungia ndani. Cha pili, kila ploti iwe na tangi moja lenye bomba la chini linalofunguka kwa mkono, lisilohitaji pampu, kwa sababu stima ikikatwa pampu haifanyi kazi. Bwana mmoja aliniambia maji ni ghali. Nikamuuliza amejenga vyumba vingapi, akaangalia pembeni.

Cha tatu ni bima. Kijana akianguka mlimani akavunjika mguu, leo tunapitisha kofia mbele ya kanisa na msikiti, tunapata nauli, bili inabaki kwa mama yake. Bima ya afya ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi kwa asiye na ajira rasmi. Kwa mwaka ni 3,600, na kwa vijana kumi ni 36,000. Gawanyeni hizo kwa ploti za mtaa mmoja mwone kama kuna atakayehisi uzito. Orodha ya majina ya vijana ninayo, na mweka hazina amekaa pale na kitabu cha risiti. Nawaomba mlipe kabla kiangazi cha Januari hakijaanza.