Aliyeridhia bila kujua hana haki?

Juzi tukiwa darasani katika mlango wa biashara, mwanafunzi wangu mmoja aliuliza: wacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbana vichwa, walitia saini kwa hiari yao na wakalipwa vizuri. Fidia ya nini tena?

Nikamtajia Mike Webster, bingwa mara nne, aliyefariki 2002 akiwa na miaka 50, akili imeshachakaa. Daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliuchunguza ubongo wake akakuta maradhi ya kugongwa kichwa mara kwa mara. Ligi ya NFL iliunda kamati ya majeraha ya kichwa 1994, na kwa miaka kadhaa kamati hiyo ilipuuza hatari ya madhara ya kudumu. Ni 2009 ndipo msemaji wa ligi alipokubali kuwa yanaweza kutokea. Mahakama ikapitisha fidia 2015, lakini ligi haikukiri kosa.

Sasa turudi kwenye mlango wetu. Muuzaji akificha aibu ya bidhaa, je, ridhaa ya mnunuzi itamsafisha? Hasha! Mchezaji alijua anaweza kuvunjika mguu, akaridhia. Nani alimwambia kwamba atakuja kusahau majina ya wanawe? Mtu haridhii asichokijua.

Kwa hiyo fidia ile si sadaka ya tajiri kwa mgonjwa. Ni deni. Na anayelipa deni huku akikana kuwa anadaiwa, fedha ametoa, lakini haki ya mwenzake ya kuambiwa ukweli bado iko shingoni mwake.

Wallahu aalam.