Kiu ya Mtoto Mtiifu

Sisi tuliofundisha miaka mingi huku pwani tuna deni. Mwezi wa Februari, saa sita mchana, tuliwasimamisha watoto mstarini juani, na aliyeomba maji tulimwambia anadeka. Mmoja hakuomba, alianguka. Nasi tukamsifu kwa uvumilivu! Je, utii wa namna hiyo ni wema, au ni hofu tu? Mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wetu, naye huchelewa kusema. Machi 2024 Sudani Kusini ilifunga shule, joto likitazamiwa kufika nyuzi 45. Hatuombi shule zetu zifungwe. Tunaomba mstari uhamie chini ya mwembe, mtungi uwekwe darasani, na mtoto anywe bila kuomba ruhusa.