Kidonda si Kovu

Tujiulize swali moja, ndugu zangu: mtu mwenye mkono mgonjwa, asiyeweza kushika jembe, ana haki ya kushika gitaa? Musicheke. Huku kwetu, kati ya Mantapala na ukingo wa ziwa hapa Kafutuma, watu wanagombana kwa swali hilo, na nyuma ya ugomvi kuna jambo kubwa kuliko gitaa.

Chukueni mfano. Kijana amejikata kidole cha mkono wa kushoto wakati wa kulima muhogo. Si kidonda kikubwa. Munganga anakisafisha, anamupiga sindano ya pepopunda, anamwambia apumzishe mkono mpaka kifunge. Wenzake wa kikundi cha shamba wanalima sehemu yake. Halafu jioni wanasikia anapiga banjo, lile la kopo la mafuta na waya za breki ya baiskeli. Mama mmoja anamuuliza: "Mwanangu, kama unaweza kupiga gitaa, juu ya nini hauwezi kulima? Siye tunakulimia bule?"

Mama ana haki ya kuuliza. Mtu akipumzika, kazi yake haipotei, inahamia kwenye mgongo wa mwingine. Kwa hiyo mgonjwa ana deni la ukweli kwa wale wanaomubebea. Asizidishe maumivu, asifiche kupona.

Lakini tuangalie vizuri anachofanya kijana. Katika gitaa mikono miwili haina kazi moja. Wa kushoto unabana waya, wa kulia unazipiga. Mwenye kidonda cha kushoto anaacha waya wazi, anafundisha kidole gumba cha kulia kutembea na besi bila kuyumba, na kidole cha shahada kijibu juu yake. Wimbo anauimba kwa mdomo, mguu unahesabu. Hayo ni mazoezi kamili. Jean-Bosco Mwenda, mtu wa Bunkeya ambaye Hugh Tracey alimurekodi Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952, alipiga kwa vidole hivyo viwili tu vya mkono wa kulia, na Katanga nzima ikamufuata. Hata mpiga fidla anajua njia hii. Mkono wa kushoto ukiuma, anabaki na upinde kwenye waya wazi, anatafuta sauti ndefu isiyotetemeka. Mkono wa upinde ukiuma, vidole vya kushoto vinatembea kimya kimya juu ya waya.

Jibu kwa mama basi ni hili: gitaa linagawanyika, jembe haligawanyiki. Jembe linataka mikono yote miwili, tena linaleta udongo na malengelenge kwenye kidonda. Lakini jibu hilo linamufunga kijana pia. Kama mkono wa kulia uko na nguvu ya gitaa, uko na nguvu ya kushika ndoo ya maji kichwani, ao kushika mtoto wa yule anayemulimia. Akipiga banjo tu halafu analala, mama ameshinda.

Kuna kosa la upande mwingine: kumusukuma mgonjwa kwa hadithi za mashujaa. Django Reinhardt alichomwa na moto mwaka 1928, akiwa na miaka 18. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikakaribia kufa. Akatengeneza namna mpya ya kupiga kwa viwili vilivyobaki, akawa mmoja wa wapiga gitaa wakubwa wa jazi. Hadithi hii inapendwa kwa kuambia watu "jikaze." Lakini Reinhardt hakupiga kwa kidonda kibichi. Alikaa matibabuni miezi mingi, na namna mpya ilijengwa juu ya mkono uliokwisha kuonyesha wazi kile kitakachorudi na kile ambacho hakitarudi tena.

Ndiyo maana nasema kidonda si kovu. Kidonda kinaomba kungoja. Kovu linaomba njia mpya. Ukilifanyia kidonda mambo ya kovu, unakifungua tena, na kidole cha wiki mbili kinakuwa cha miezi miwili. Ukilifanyia kovu mambo ya kidonda, unafunga bandeji juu ya mkono mzima mpaka unakauka.

Hapo nawageukia na ninyi wandugu wa mashirika. Mantapala ilifunguliwa mwaka 2018. Kuna mtu aliyefika jana na habari mbaya ya kwao, anaulizwa atajitegemea lini. Kuna mwingine mwenye miaka mingi hapa, mwenye ufundi mikononi, bado anaandikwa kama mtu wa kuhurumiwa tu. Wote wawili wameangaliwa vibaya. Kabla ya kusema "jikaze" ao "pole", ulizeni kwanza: hiki ni kidonda ao ni kovu? Mwenye mwili ndiye anayejua kwanza, basi tumwamini, na yeye atuambie kweli.

Ziwa lenyewe linatufundisha. Kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi unafungwa katika Mweru ili samaki wazae. Hakuna anayesema ziwa ni vivu. Mvuvi mwenye akili anashona nyavu na kuziba mtumbwi, na hatupi wavu usiku akisema "kidogo tu", kwa sababu hiyo "kidogo tu" ndiyo inayomaliza samaki. Tena kufungwa kwa ziwa kunajulikana na wote, na kuna mwisho.

Kijana wetu afanye hivyo. Aambie kikundi munganga amesema nini na atarudi siku gani. Waya wazi apige kila jioni, bila aibu. Na siku kidonda kikifunga, asubuhi aende shamba kwanza. Banjo litamungoja mpaka jioni.