Kumpendelea Ndugu Kazini: Je, ni Upendo au ni Wizi?



Liko neno lisemwalo na watu wema, nao hawaoni haya kulisema: “Damu nzito kuliko maji.” Msimamizi wa kazi ana nafasi moja na waombaji wawili. Mmoja ni mtoto wa dada yake, wa pili ni mgeni mwenye ujuzi zaidi. Amtwaa mpwa wake, na yule mgeni amwambia arudi kwao. Akiulizwa, ajibu: “Je, ni dhambi kuwatunza walio wangu? Hata Mtume Paulo, katika 1 Timotheo 5:8, amlaumu vikali mtu asiyewaangalia jamaa zake.” Jawabu hili lina nguvu, wala halifai kudharauliwa. Basi na tulipime.

Kwanza yatupasa kutenga maneno mawili: kuchagua na kubagua. Kuchagua si dhambi. Atafutaye dereva, lazima ataka mtu mwenye macho mazuri. Atafutaye mwalimu wa hesabu, amtaka ajuaye hesabu. Kazi yenyewe yauliza hayo. Bali kubagua ni kumpima mtu kwa jambo ambalo kazi haikuliuliza: kabila lake, rangi yake, dini yake, kwamba ni mwanamke, kwamba ana mimba, kwamba ni kiwete, au kwamba ana virusi vya UKIMWI. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, yatenga mambo haya mawili vivyo hivyo: yakataza ubaguzi wa namna hizo, lakini haimkatazi mwajiri kutaka sifa ambazo kazi yenyewe yazihitaji.

Sasa turudi kwa yule msimamizi. Paulo asema juu ya kuwatunza jamaa, ndiyo; lakini kuwatunza kwa mali ya nani? Mtu awapa jamaa zake chakula cha shamba lake na fedha ya mfuko wake. Nafasi ile ya kazi si shamba lake. Amekabidhiwa tu, kama wakili akabidhiwavyo ghala ya bwana wake. Akimpa mpwa wake nafasi iliyomstahili mwingine, hakutoa kitu chake. Ametwaa riziki ya mtu mmoja akampa mwingine, kisha ataka ashukuriwe kwa ukarimu.

Labda mtu atasema: “Mbona mwenye shamba la mizabibu, katika Mathayo 20, aliwalipa sawa waliotenda kazi saa moja na waliotenda kutwa nzima?” Soma tena, ndugu. Yule alitoa fedha yake mwenyewe, wala hakuwapunguzia wa kwanza hata senti moja ya mapatano yao. Neema yaongeza, upendeleo wanyang'anya. Katika Katekismo Ndogo, Martin Luther, akiieleza amri ya saba, hakomi katika kukataza wizi wa fedha na mali. Aongeza ya kwamba yatupasa kumsaidia jirani ailinde na kuiongeza riziki yake. Basi upendeleo wa namna hii ni neno la amri ya saba, hata ukivaa nguo ya upendo.

Lakini tusiwalaumu wakubwa tu. Ubaguzi mwingi hauandikwi katika daftari lo lote, maana hufanywa na watenda kazi wenyewe kwa wenyewe. Saa ya chai, watano wasema lugha ya kwao, na wa sita akaa kimya kama kipofu sokoni. Fundi amficha mgeni siri ya chombo, apate kukosea na kuchekwa. Mfagiaji hupitwa kila asubuhi pasipo salamu. Mwanamke aliyerudi kutoka uzazini akuta meza yake imepewa mwingine, na wenzake watazama pembeni. Hapana hakimu awezaye kuyakamata yote haya, lakini Bwana ayaona.

Tena aliyeonewa asijidhani yu salama. Tanganyika kabla ya Uhuru wa mwaka 1961, kwa miaka mingi mishahara ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi kati, Mwafrika chini. Mtu angalitazamia fimbo igeuzwe tu mkononi. Lakini Januari 1964 Rais Nyerere alitangaza ya kwamba katika kazi za Serikali upendeleo kwa raia Waafrika ukome, na raia wote wahesabiwe sawa pasipo kutazama rangi. Neno hilo halikuwapendeza wote. Hata hivyo lilikuwa haki, maana dhuluma haiponywi kwa kubadili mwenye kudhulumu.

Wala Kanisa lisijihesabu nje. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa kanisa moja katika Tanganyika. Kuungana kwa jina ni rahisi. Kuungana katika hospitali zetu, shule zetu na ofisi zetu ni kazi ya kila siku. Sharika nyingi zina watu wa lugha moja, na jaribu la kuuliza “Huyu ni wa wapi?” kabla ya kuuliza “Aweza nini?” li karibu sana nasi.

Neno hili si geni. Katika Matendo 6, wajane wa wasemao Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Tazameni walivyofanya mitume. Hawakuwaita wanung'unikaji wachochezi. Waliita mkutano wote, neno likasemwa wazi. Watu saba walichaguliwa wenye sifa njema, na majina yao yote ni ya Kiyunani, tangu Stefano hata Nikolao. Yaonekana ghala ilitiwa mikononi mwa upande uliosahauliwa.

Basi tufanyeje? Nafasi ya kazi na itangazwe wazi, na mwenye jamaa kati ya waombaji aondoke barazani wakati wa kuamua. Mbele ya mgeni tuseme lugha anayoijua. Ajuaye kazi amfundishe asiyejua. Asikiaye dharau amwonye mwenziwe faraghani kwanza, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18. Na kama mwonewa hakusikiwa, si dhambi kwake kwenda mbele ya sheria. Wala sisi tusimwite msaliti.

Na wewe uliye msimamizi, ukimpenda mpwa wako, mlipie ada ajifunze kazi. Hapo umetoa kilicho chako, nao ndio upendo.